Chuma Kwenye Bakuli la Konifleksi

Mume wangu Verlin Huizenga alipostaafu, kiwanda cha konifleksi hakikumpa saa ya mkononi kama wenzake. Kilimpa sumaku. Usidhani ni kile kisumaku cha kubandikia picha kwenye friji. Ni pande la sumaku lenye ukubwa wa tofali, limefungwa kwenye ubao wa mwaloni kwa vishikizo vya shaba, na chini yake kuna kibati chenye jina lake. Mimi ndiye niliyelibeba mpaka kwenye gari, kwa sababu yeye alikuwa analia. Njiani nikamwambia wake wa wenzake wamepata saa ya kuringia kanisani, mimi nimepata tofali. Hakucheka. Alilitundika sebuleni juu ya televisheni, na kila mgeni aliyetia mguu kwetu ilibidi aonyeshwe jinsi linavyokinasa kisu changu cha kukatia nyama.

Nisimlaumu sana. Sumaku ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mahindi yanapoletwa na treni kutoka mashambani huja na kila takataka: misumari, nati, vipande vya waya, na siku moja nusu nzima ya kiatu cha farasi. Verlin alikuwa anasimama pale yanapomiminwa. Yanapita juu ya sumaku zake, naye anazisafisha na kuzirudisha, anazisafisha na kuzirudisha, mpaka saa ya kutoka. Alikuwa akirudi nyumbani na vumbi la mahindi mpaka kwenye kope. Si mtu wa kujisifu, ila jambo moja alilisema hata asipoulizwa: kwamba hakuna mtoto wa mji wetu wa Alder Bend aliyevunjika jino kwa konifleksi wakati yeye yuko zamu.

Na watoto wote wa Alder Bend wanakula konifleksi. Hapa hatuhitaji kalenda ukutani. Mji ukinukia mahindi ya kukaangwa, ujue wiki ndiyo inaanza; ukinukia asali na shayiri, wiki imekatika na mume wako atataka kwenda kuvua samaki. Wanaotoka nje, wanaotuona tukivuta pumzi barabarani kama tunaoonja supu, wanatushangaa. Wenyewe tumeshazoea.

Kiwanda kina mageti mawili, na mji umegawanyika kwa mageti hayo. Watu wa Mbele wanapokea nafaka, wanaisafisha na kuikoboa. Watu wa Nyuma wanapika, wanakaanga, wanatia kwenye maboksi. Wana kantini mbili, timu mbili za kuangusha pini kwa mpira mzito, na hata msibani utawaona wamekaa wengine huku, wengine kule. Verlin kwa muda wote aliofanya kazi hakuwahi kukanyaga Nyuma. Nilipomuuliza sababu, na yeye akaniuliza akafanye nini huko, akaangalie watu wakifunga maboksi? Wa Nyuma nao waliwaita wa Mbele wapepeta pumba. Kinara wao alikuwa Delphine Prusinski, nahodha wa timu yao ya pini, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika mpaka kituo cha mafuta. Alimfunga Verlin fainali nyingi kiasi kwamba jina lake kwetu halikutajwa mezani.

Sasa mwaka huu binti yetu Marcy alirudi nyumbani kujifungulia kwetu. Mumewe Curtis ni baharia wa meli za mizigo kule Ziwa Superior, na msimu wa meli haungoji mtu. Marcy alifika na tumbo kubwa na uso mweupe kama shuka. Kliniki wakampima wakasema damu imepungua, hana madini ya chuma ya kutosha. Wakampa vidonge, akavitapika. Wakampa vya aina nyingine, akatapika hata kabla ya kumeza. Nesi akasema basi ale nyama, maharage na mboga za majani. Marcy akisikia tu mafuta yakilia kikaangoni alikuwa anakimbilia chooni. Kitu pekee kilichokaa tumboni kilikuwa konifleksi, na nesi alipoambiwa hivyo akafurahi, akasema hizo hizo zina madini ya chuma, asome ubavuni mwa boksi, ale asubuhi na jioni, ashushie na juisi ya machungwa, kahawa aiache kabisa.

Mimi nilibetua midomo. Nimelelewa kwa uji wa shayiri wa mama yangu, uji ambao kijiko kinasimama wima ndani yake bila kushikwa, na siku zote nimeiona konifleksi kuwa chakula cha mtu mwenye haraka. Unaila saa moja, saa tatu tumbo linakuuliza uliahidi nini. Lakini nikausoma huo ubavu wa boksi, maana katika mji huu tunausoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Nyuzinyuzi, kidogo sana. Sukari, si nyingi kama kwenye zile za rangi rangi za watoto. Chumvi, zaidi ya nilivyodhani. Halafu vitamini hii na vitamini ile, mstari juu ya mstari, na madini ya chuma karibu nusu ya mahitaji ya mtu kwa siku. Nikamuuliza Verlin, vyote hivi vimo kwenye punje ya hindi?

"Hindi la Michigan si mchezo," akanijibu, na akageuza ukurasa wa habari za michezo.

Jibu hilo lilinitosha. Nilikuwa na mengine ya kufikiria, kwa sababu Siku ya Kifungua Kinywa ilikuwa inakaribia.

Kila Juni barabara kuu inafungwa, meza zinapangwa kuanzia benki mpaka maktaba, na mji mzima unakaa kula konifleksi bure. Watu wa Mbele upande wa jua, watu wa Nyuma upande wa kivuli. Hakuna anayetia kijiko mdomoni mpaka mstaafu aliyechaguliwa asimame, apige kengele, amimine maziwa ya kwanza, aseme maneno machache, na ale kijiko cha kwanza mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote Alder Bend. Meya anabadilika, mchungaji anabadilika, lakini watu wanakumbuka nani alikula kijiko cha kwanza mwaka gani. Mwaka huu alichaguliwa Verlin. Alipopigiwa simu alikaa kwenye ngazi za kibarazani akiwa na viatu vya bustani, hakunyanyuka mpaka chakula cha mchana. Nilimpelekea kahawa, sikumtania hata kidogo, na mnaonijua mnajua hilo lilinigharimu.

Balaa lilianza na sindano. Marcy alikuwa mezani jikoni anashona kofia ya mtoto, akaliangusha boksi la konifleksi, akaruka kulidaka, na sindano nayo ikaanguka. Konifleksi zikatapakaa sakafuni, tukazikanyaga tukiitafuta. Verlin akatuambia tusimame tulipo, tusije tukachomwa. Akaenda sebuleni akalitoa lile sumaku kwenye ubao wake, akapiga magoti na kulipitisha sakafuni taratibu, uso wake umetulia, kama kijana aliyerudishwa kazini. Sindano ikanasa mara moja. Lakini alipoligeuza alikuta kitu kingine. Unga wa konifleksi ulikuwa umeganda kwenye sumaku, na ndani ya unga huo vumbi jeusi, jembamba, limesimama kama manyoya ya panya.

Akalifuta kwa kidole, likarudi. Akanusa. Alichukua boksi jipya kutoka kabatini, akamimina bakuli zima kwenye blenda yangu, akatia maji, akasaga mpaka zikawa uji, akaumimina kwenye mtungi wa kioo na kuliegemeza sumaku kwa nje. Tukasubiri. Mstari mweusi ukaanza kujikusanya kwenye kioo, mwembamba kwanza, kisha mnene. Alipolisogeza sumaku, nao ukasogea.

"Hicho ni chuma," alisema.

Nikamkumbusha kwamba boksi lenyewe limesema lina chuma. Akaniangalia kwa huruma, jambo ambalo silipendi.

"Nell, hiyo ya kwenye boksi ni kama ya mchicha. Wewe umeshawahi kuokota mchicha kwa sumaku?"

Kweli sijawahi.

Kwanza alimlaumu kijana aliyemrithi pale Mbele. Alisema vijana wa siku hizi wanafanya kazi huku wanasikiliza muziki masikioni, sumaku hawazisafishi, chuma kinasagika pamoja na nafaka mpaka kinakuwa vumbi. Alitembea jikoni huku na huku akimsema yule kijana mpaka nikamhurumia, na simjui. Halafu ghafla akateremka chini kwenye ghala ya nyumba, ambako bado kulikuwa na yale maboksi tuliyokuwa tunapewa na kiwanda wakati yeye yuko kazini. Nilisikia akiyasogeza. Akarudi na boksi moja lenye vumbi, lililofungwa mwaka mmoja kabla hajastaafu, na akaifanyisha blenda yangu kazi ile ile.

Mstari mweusi ulijitokeza vile vile.

Niseme wazi, niliogopa. Si kwa sababu ya chuma. Niliogopa uso wake. Alikaa kwenye kiti, akauweka mtungi mbele yake, na alionekana mzee kwa namna ambayo sikuwa nimeiona asubuhi. Alisema hili ni la zamu yake. Alisema Marcy amekuzwa kwa konifleksi hizi, na watoto wa shule, na watoto wao, na kila siku yeye alikuwa anaoga, anavaa ovaroli safi, anakwenda kusimama pale na kujiona ana kazi, kumbe chuma kinampita chini ya pua. Kisha akamtazama Marcy, akatazama bakuli lake, na nikaona mawazo yanavyomjia kabla hajasema.

"Ndiyo maana huna damu, mwanangu. Ni hiki kinachokumaliza."

Akazitia konifleksi zote kwenye pipa la taka, na pipa lenyewe akalifunga kwa kamba. Marcy alilia kidogo, akamwambia Baba, nesi kasema nile. Akamjibu kwamba nesi hajui kinachoingia kiwandani na yeye anajua. Kwa hilo hakuna aliyeweza kumpinga, maana ilikuwa kweli.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Marcy akabaki na mkate mkavu na maji ya tangawizi, na weupe wake ukazidi, akawa anapumzika katikati ya ngazi. Kliniki wakampima tena, wakasema hali isipobadilika watamlaza wamtundikie dripu. Mimi nikapandisha hasira. Nilimwambia Verlin aende kiwandani akaulize. Akasema meneja ni mtu wa tai aliyeletwa kutoka Chicago, atamwambia asante kwa kutujulisha, kisha atampa kalamu. Nikamwambia basi muulize mtu wa Nyuma, wao ndio wanaopika. Akasema afadhali amuulize paka. Na hatuna paka.

Kisha akaniambia alichokuwa amekiamua. Siku ya Kifungua Kinywa atasimama, atapiga kengele, na badala ya kumimina maziwa atawaambia watu wasile. Atawaonyesha mtungi. Atawaambia ni yeye aliyekipitisha chuma hicho.

Nilimsihi. Nilimwambia jina zuri ni kitu alichokipata kwa jasho la maisha yake yote, asilitupe barabarani mbele ya benki kwa neno moja. Akaniambia kama analistahili litabaki, na kama halistahili hana haja nalo. Ukishaolewa na mtu wa namna hiyo unafanya nini? Nilimpigia pasi shati lake la bluu.

Jumamosi ile palikucha na jua zuri, na mji unanukia mahindi. Meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, maboksi yamepangwa, mitungi ya maziwa ina matone ya baridi. Tulikaa upande wetu wa jua, mimi, Verlin na Marcy, ambaye alikuja kwa ukaidi tu. Mbele yangu bakuli, mbele ya Verlin bakuli kubwa la heshima na kengele, na chini ya kiti chake mfuko wenye mtungi na sumaku. Nilijifanya nakunja vitambaa vya mkono. Ng'ambo ya meza, kwenye kivuli, Delphine Prusinski alikuwa anawachekesha wenzake, na nilimchukia kwa kucheka.

Meya alisema yake, akampa Verlin kipaza sauti. Verlin akasimama. Akapiga kengele. Barabara nzima ikashika vijiko.

"Msile," alisema.

Watu walidhani ni utani. Wachache wakacheka. Akautoa mtungi, akauweka mezani, akaliegemeza sumaku, akaeleza taratibu bila kupandisha sauti. Akasema hiki ni chuma. Akasema kimo kwenye boksi la mwezi huu na kimo kwenye boksi la siku zake. Akasema kazi yake ilikuwa kuzuia kitu hiki kisifike kwenye bakuli za watoto, na hakukizuia, na anaomba radhi. Nilimwona mama mmoja akimshusha mtoto wake kijiko kutoka mdomoni. Pale mbele ya benki palitulia mpaka nikasikia bendera inapigwa na upepo.

Halafu kicheko kikatoka kwenye kivuli.

"Verlin Huizenga," Delphine alisema, na hakuhitaji kipaza sauti, "hicho ulichokishika ni changu."

"Chako kivipi?"

"Nimekitia mimi. Kwa mikono yangu hii, kwenye masufuria ya kupikia, tangu nikiwa msichana. Wewe ulifikiri kile cha kwenye boksi kinatoka wapi?"

"Kwenye mahindi."

Upande wote wa Nyuma ukaangua kicheko. Delphine mwenyewe safari hii hakucheka. Akaeleza, akiielekeza sauti zaidi kwa wale akina mama waliokuwa wamenyang'anya watoto vijiko. Alisema mahindi yakishakobolewa ganda na kutolewa kiini hayabaki na kitu cha maana, ni wanga mtupu, unashibisha lakini damu haiongezi. Kwa hiyo wao wa Nyuma wanayarudishia. Vitamini nyingine zinapulizwa mwishoni, na chuma kinatiwa mapema wakati wa kupika. Ni unga wa chuma hasa, si kitu cha kuigiza, safi, mwembamba kuliko poda ya uso. Ukifika tumboni asidi inauyeyusha na unaingia kwenye damu. Akasema kila mtu wa Nyuma analijua hilo, hata wafagiaji.

"Kwa hiyo," Verlin alisema, na kipaza sauti bado kilikuwa mbele ya mdomo wake, "mimi nakitoa huku, na wewe unakitia kule."

Sasa barabara nzima ilicheka, jua na kivuli, Mbele na Nyuma. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha watu waliotishwa wakagundua hawafi. Hata mchungaji alikuwa anafuta macho. Lakini mimi nilikuwa karibu naye, niliiona shingo yake ikigeuka nyekundu kuanzia kwenye kola niliyoipiga pasi, na nikatamani kumzaba mtu kibao, sijui nani. Akakiweka kipaza sauti mezani. Akakaa. Kengele ikabaki imelala kando ya bakuli la heshima, na hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kula au la.

Nilimshika mkono chini ya meza. Akaniambia kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Umri wangu wote, Nell."

Delphine alinyanyuka. Akakikunja kiti chake, akakibeba kwapani, akazunguka mwisho wa meza kwenye maktaba na kurudi upande wetu, kutembea kote huko watu wanamwangalia. Sijawahi kuona mtu wa Nyuma akikaa upande wa jua. Akakikunjua kiti katikati yetu, nikalazimika kusogea, akakaa karibu na Verlin kama dada mtu.

"Nisikilize wewe mpepeta pumba," alimwambia. "Kwenye masufuria nilianzia tu. Nilimalizia kwenye kengele. Unaijua kengele yetu ya kule Nyuma?"

Verlin akatikisa kichwa kwamba haijui.

Akamweleza. Kule mwisho kabisa, maboksi yakishafungwa, yanapita kwenye lango moja kabla ya kutoka nje. Lango hilo linasikia chuma. Unga wake wa kupikia haulisumbui, ni mwembamba mno. Linasikia vipande: msumari, nati, ncha ya waya. Likisikia linapiga kengele, mkanda unasimama, na kila mtu anashuka kutafuta boksi lenye kitu, na kazi ya asubuhi nzima inamwagwa. Yeye ndiye aliyekaa kwenye lango hilo mpaka alipostaafu.

"Ilikuwa inalia sana?" Verlin aliuliza. Alikuwa bado anaangalia bakuli.

"Ukiwa likizo."

Akanyanyua uso.

"Tulikuwa tunajua ukiwa likizo," Delphine alisema. "Hakuna aliyetuambia. Ikilia, tunatazamana, tunasema leo Huizenga kaenda kuvua samaki. Ile wiki uliyofanyiwa upasuaji wa ngiri ililia mpaka tukataka kukutumia maua."

"Hamkutuma."

"Wewe ni wa Mbele. Tukutumie maua tumerogwa?"

Mtu karibu alianza kucheka akajizuia. Verlin alikuwa anamtazama Delphine kama asiyeamini kwamba ni yule yule aliyemfunga fainali zote zile.

"Na nilipostaafu?" aliuliza.

"Uliondoka Ijumaa. Jumatatu ililia kabla sijavua koti."

Verlin alitoa leso, akapenga kamasi kwa sauti, akaikunja leso vizuri na kuirudisha mfukoni. Kisha akasimama. Hakukishika kipaza sauti. Alichukua mtungi wa maziwa, akamimina kwenye bakuli la heshima mpaka konifleksi zikaanza kuelea, akachota kijiko kilichojaa, akakitia mdomoni mbele ya Alder Bend yote, na akatafuna. Barabara ilikuwa kimya kiasi kwamba tulizisikia zikivunjika menoni mwake. Akameza. Akapiga kengele.

Sauti ya vijiko ilianza benki na kukimbia mpaka maktaba.

Mimi nilikuwa nalia, na siwezi kusema ni kwa ajili gani hasa. Delphine alishajisogezea bakuli langu na alikuwa anakula, kana kwamba amekaa hapo siku zote. Verlin akageuka kwa Marcy. Akachukua boksi, akammiminia, akaendelea kummiminia hata bakuli lilipojaa, mpaka Marcy akamwambia Baba, zinamwagika. Zilikuwa zinamwagika kweli, kwenye kitambaa, kwenye sahani, pembeni ya lile sumaku ambalo lilikuwa limelala pale pale mezani.

"Kula, mwanangu," alimwambia. "Na juisi usisahau."

Marcy akala. Baba yake akakaa akimwangalia, kijiko baada ya kijiko, na mkono wake ukawa unaziokota moja moja zile zilizoangukia kitambaani. Sumaku lilikuwa karibu na kiwiko chake. Hakulipitisha juu ya hata moja. Alizitia mdomoni tu.